Grin siyo tabasamu tu: neno la Kiingereza lililoanzia kwenye meno ya hasira

Waingereza wana msemo wao, grin and bear it, wanamwambia mtu aliyebanwa na shida ambayo haina pa kuikwepea, mfano jino linakuuma usiku wa Jumamosi na daktari yupo Jumatatu. Mpe mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni akutafsirie, atakwambia tabasamu uvumilie, na hapo ndo kichwa kinaanza kuuma kama hilo jino, maana nani anatabasamu na maumivu yake? Sisi tungemwambia jikaze kisabuni, piga moyo konde, uma meno. Sasa ukilichimba neno grin unakuta Mwingereza alikuwa anasema kitu hichohicho, uma meno uvumilie, hakuna aliyekuambia uchangamke. Tabasamu limeingia kwenye hili neno baadaye sana, na hata leo halijalimiliki lote.

Kamusi nyingi tunazotumia zinakupa maana mbili za grin, kutabasamu sana au kukenua, na hiyo ya pili ndo ipo karibu na ukweli. Kukenua ni habari ya midomo na meno, midomo inafunuka, meno yanaonekana, basi, moyoni kuna nini hiyo ni kesi nyingine. Anayekenua anaweza kuwa na furaha, anaweza kuwa ameumbuka, anaweza kuwa mbwa wa jirani amesimama getini. Smile ni tofauti, mtu anaweza ku-smile mdomo umefungwa kabisa ukaiona kwenye macho tu. Grin kwa kawaida inataka meno, au angalau mdomo uvutike mpaka ujue meno yapo njiani.

Turudi nyuma miaka elfu moja na kitu. Kwenye Kiingereza cha Kale, ile lugha iliyokuwepo kabla Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, hawajavamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi grennian. Maana yake ilikuwa kuonyesha meno kwa maumivu au kwa hasira. Furaha haimo. Kuna shairi la Cynewulf kuhusu mtakatifu Juliana, limehifadhiwa kwenye Kitabu cha Exeter, mkusanyiko wa mashairi ulioandikwa kwa mkono karne ya 10. Humo ndani kuna mkubwa mmoja anaitwa Eleusius, anamtaka Juliana amuoe, binti anagoma kwa ajili ya imani yake, basi jamaa anamtesa kila namna mpaka anaamuru atumbukizwe kwenye madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwa moto, na binti anatoka mzima hana hata jeraha. Eleusius anapandwa na wazimu, anachana nguo zake, na shairi linasema grennade ond gristbitade, alikenua akasaga meno, akarukwa na akili kama mnyama wa porini. Hiyo ndo grin ya zamani. Ukiwaza neno la leo pale utadhani jamaa alifurahi.

Na neno halikuwa peke yake, lina ukoo mkubwa kwenye lugha za Kijerumani za kaskazini mwa Ulaya, na ukoo wenyewe ni wa makelele na machozi. Wanordiki wa kale walikuwa na grenja, kupiga mayowe. Waholanzi wana grienen, kulialia. Wajerumani wana greinen, ambayo nayo ni kulialia kama mtoto aliyenyimwa kitu, alafu hapohapo wana grinsen ambayo ndo kukenua kwa kucheka. Wataalamu wa lugha wanabishana kidogo nani ni ndugu wa damu na nani ni binamu, kwa sababu irabu hazikai sawasawa, ila hizi familia huwa zinawekwa jirani. Kinachonifurahisha mimi ni Skandinavia. Mdenmaki akisema grine anamaanisha kucheka, neno la kawaida kabisa la kila siku. Vuka bahari kidogo tu uende kwa Mnorwe, grine ni kulia. Mswidi ndo kiboko, kwake grina inaweza kuwa kulia au kucheka, inategemea mtu katokea upande gani wa nchi. Ukishangaa mtazame mtoto mdogo usoni ile sekunde moja kabla hujajua kama anaenda kucheka au kuangua kilio, midomo inavutika vilevile, meno mawili ya mbele yanatokeza vilevile, na wewe mzazi umesimama pale unasubiri matokeo.

Sasa swali linalofuata ni la lazima. Kama grin ilikuwa hasira, hao watu walipofurahi walikuwa wanasema nini? Smile haikuwepo. Neno lao la tabasamu lilikuwa smearcian, na ukilitamka taratibu utalitambua, ndo smirk ya leo. Smirk, ambayo sasa hivi ni kale katabasamu ka dharau, ka mtu aliyekuzidi kete na anataka ujue kakuzidi, enzi hizo lilikuwa tabasamu la kawaida lisilo na kosa lolote, unalikuta hata kwenye tafsiri zinazohusishwa na mfalme Alfred mwishoni mwa karne ya 9. Smile yenyewe inaanza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1300, na inaelekea ilitoka kwa Waskandinavia au majirani zao wa kaskazini mwa Ujerumani, kwa sababu Wadenmaki wana smile na Waswidi wana smila mpaka leo. Mgeni alipoingia ndani akakaa kwenye kiti kizuri, mwenye nyumba akasogezwa pembeni. Taratibu smirk ikasukumwa kwenye maana mbaya mpaka ikazoea huko.

Smile kwa upande wake ina jina zuri kwao, mizizi yake ni ya mbali. Kisanskriti kina smayate, anatabasamu. Kirusi kina smekh, kicheko. Kilatini kina mirus, cha kushangaza, na humo ndo wakatoa neno la muujiza. Kwa hiyo smile ilizaliwa kwenye nyumba ya kicheko na mshangao, grin ilizaliwa kwenye nyumba ya kilio na kusaga meno, na leo unazikuta kwenye kamusi zimepangwa kama mapacha.

Grin haikubadilika siku moja. Kwa mamia ya miaka iliendelea kung'ang'ania meno ya mbwa. Miles Coverdale alipotafsiri Zaburi miaka ya 1530, tafsiri yake ndo iliyoingia kwenye kitabu cha sala cha Waanglikana, na ukifungua Zaburi ya 59 unakuta maadui wanaozunguka mji jioni wana-grin kama mbwa. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili wale watu wanalia kama mbwa, na ukitafakari utaona Coverdale alikuwa anaona picha ileile kutokea upande wa mdomo, yeye kaandika meno, wetu wameandika sauti. Shakespeare naye kwenye sehemu ya pili ya tamthilia yake ya Henry wa Sita ana mstari unaosema vijibwa vidogo vikikenua hakuna anayejali, ila simba akinguruma wakubwa wanatetemeka, na neno alilotumia kwa vile vijibwa ni grin. Jaribu kuweka tabasamu hapo. Hata Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, grin kaieleza kwa kubana meno na kuondoa midomo, na maana ya pili akaweka kukaza meno kama mtu mwenye uchungu. Miaka 250 na kitu tu iliyopita, na mwandishi wa kamusi anayeheshimika kuliko wote hajaona sababu ya kutanguliza furaha.

Wakati huohuo mitaani neno lilikuwa limeshaanza kuteleza. Kuanzia karne ya 15 unaanza kuwaona watu wana-grin huku wanacheka, ila kicheko chenyewe siyo cha heshima, ni kicheko cha kulazimisha, cha mjinga, cha mlevi, cha mtu aliyebung'aa. Njia ilikuwa hiyo, na ukiifikiria ina mantiki yake, kwa sababu kwa watu wa tabaka la juu Ulaya kuonyesha meno kulikuwa aibu tu, haijalishi umekasirika au umefurahi. Lord Chesterfield, mwanasiasa wa Uingereza, alimwandikia mwanawe mwaka 1748 kwamba angependa aonekane mara nyingi akitabasamu lakini asisikike akicheka hata siku moja, kucheka kwa sauti aliona ni tabia ya watu wa hovyo. Paris mwaka 1787 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha picha aliyojichora na binti yake, mdomo umefunguka kidogo, meno meupe yanaonekana kwa mbali, na wakosoaji wakaja juu, eti haijawahi kutokea kwenye sanaa ya maana mtu wa heshima akachorwa na meno nje. Leo picha ipo Louvre, jumba la makumbusho la Paris, na ukiitazama hutaona kosa, yule mama anatabasamu kistaarabu kuliko hata picha zetu za kipaimara.

Halafu usisahau hali ya meno yenyewe. Sukari ilikuwa imeshaingia Ulaya kwa wingi, tiba ya meno bado ni koleo tu. Pierre Fauchard, Mfaransa anayeitwa baba wa tiba ya meno ya kisasa, alitoa kitabu chake mwaka 1728, na hata hapo huduma ilikuwa ya wenye hela. Mtu aliyekenua alikuwa anakuonyesha mapengo na meusi. Kwa hiyo tusiwaone wale wazee walikuwa na roho ngumu sana, mdomo kuufunga ilikuwa busara.

Ila wananchi wa kawaida Uingereza wao waliamua kulifanya jambo lenyewe kuwa mashindano, na hapa ndo mimi nashauri usiruke. Mwaka 1711 mwandishi Joseph Addison aliandika kwenye gazeti la The Spectator kuhusu tangazo alilolikuta, kwamba huko Coleshill, Warwickshire, kutakuwa na mbio za farasi, na pamoja na hizo mbio kutakuwa na pete ya dhahabu itakayogombewa na wanaume kwa ku-grin. Siyo nani ana tabasamu zuri. Atakayekenua kwa kutisha kuliko wote ndo mshindi. Mtu anapanda mezani mbele ya kijiji kizima, anakunja sura, anavuta midomo, anatoa meno, watu wanapiga makofi, na mwenye sura iliyoharibika zaidi anaondoka na pete. Addison alilalamika kwamba hiyo ni kuwafundisha binadamu kuharibu uso waliopewa.

Mashindano ya aina hiyo hayajafa. Kaskazini magharibi mwa Uingereza, huko Cumbria, kuna mji mdogo unaitwa Egremont, una sherehe yake ya kila mwaka mwezi wa tisa inayoitwa Crab Fair, na kibali chake kilitolewa na mfalme Henry wa Tatu mwaka 1267. Hiyo crab siyo kaa wa baharini, ni matufaa pori, madogo, machachu balaa. Humo ndo yanafanyika mashindano ya dunia ya kukunja sura, mtu anaingiza kichwa kwenye kola ya farasi, ile pete kubwa ya ngozi anayovalishwa shingoni avute mkokoteni, inakuwa kama fremu ya picha, alafu anafanya vitu vyake humo. Wapo wanaoweza kumeza pua kwa mdomo wa chini. Bingwa mmoja maarufu alikwenda kung'olewa meno ili sura ikunjike vizuri zaidi, na ushindi akaendelea kuupata, wenye meno wakamtazama tu.

Wenyewe wanauita mchezo huo gurning, na gurn ni grin hiyohiyo, ila r na irabu zimepishana nafasi. Waskoti wanatamka girn, na kwao girn haijawahi kwenda kwenye furaha, girn ni kulalamika, kunung'unika, mtoto anayelialia ovyo anaambiwa acha ku-girn. Yaani ndani ya kisiwa kimoja neno moja liligawanyika, kusini likawa la kuchangamka, kaskazini likabaki na uchungu wake wa zamani, katikati likawa mchezo wa sura mbaya. Lugha huwa zinafanya hivi sana ila mara chache zinakuachia ushahidi wote mezani namna hii.

Kwenye karne ya 18 ndo anaingia paka wa Cheshire, jimbo la kaskazini magharibi mwa Uingereza. Wengi wanamjua kwa kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, ile hadithi ya Alice, lakini msemo wa ku-grin kama paka wa Cheshire ulikuwepo kabla Carroll hajazaliwa. Francis Grose aliuweka kwenye kamusi yake ya lugha ya mtaani, toleo la 1788, akaeleza kwamba husemwa kwa mtu yeyote anayeonyesha meno na ufizi akicheka. Meno na ufizi, umeona. Kwa nini paka na kwa nini Cheshire, nadharia zipo nyingi, wengine wanasema jibini za huko zilikuwa zinatengenezwa kwa umbo la paka, wengine wanasema ng'ombe wa maziwa walikuwa wengi paka wakawa na raha, na nyingi kati ya hizo nazichukulia kama stori za baa. Carroll mwenyewe alizaliwa Cheshire, kijiji cha Daresbury, kwa hiyo utani alikua nao. Alichofanya yeye ni kumfuta paka taratibu kuanzia mkiani mpaka inabaki grin peke yake hewani, na Alice anasema ameshaona paka asiye na grin ila grin isiyo na paka, hapana. Utani huo unafanya kazi kwa sababu grin ni kitu unachoweza kukichora, mstari wa meno. Tabasamu ukilitoa kwenye uso halibaki kitu.

Wamarekani ndo waliolisafisha jina kuliko Waingereza, japo nao walianza kwa vituko. Miaka ya 1830 zilienea hadithi za Davy Crockett, mwindaji na mbunge wa Tennessee, kwamba alikuwa anaweza kum-grin rakuni, mnyama mdogo wa porini wa Marekani, mpaka anashuka mwenyewe kutoka kwenye mti, anajisalimisha bila risasi. Siku moja aka-grin kitu juu ya mti muda mrefu, hakishuki, akakata mti kwa hasira, kumbe hakukuwa na rakuni, ni kifundo cha mti, na gamba lote limebanduka kwa nguvu ya ile grin. Uongo mtupu wa kuchekesha, lakini angalia kazi ya neno humo, bado ni silaha. Baadaye akaja rais Theodore Roosevelt na meno yake ambayo wachora katuni waliyapenda hasa, ukaja ulimwengu wa dawa za meno na kamera, na kuonyesha meno kukawa dalili ya mtu mkweli, mchangamfu, mwenye afya. Hapo ndo grin ikapata vyeti safi.

Sasa kuna kipande cha sayansi ambacho kinanifanya nione yale maana ya zamani hayakuwa ya kijinga, na kipande hicho kinapitia Kigoma. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Miezi sita tu baadaye, tarehe 31 Januari 1961, Wamarekani wakamrusha sokwe mmoja angani kutoka Florida, jina lake Ham, aliyekamatwa akiwa mdogo huko Kamerun. Safari ilichukua kama dakika 16 na nusu, chombo kikaenda juu na kasi kuliko ilivyopangwa, kikadondoka baharini mbali na meli zilizokuwa zinamsubiri, maji yakaanza kuingia. Walipomfungua wakapiga picha, Ham meno yote nje, na dunia ikafurahi, jamani tazama sokwe anavyo-grin, kapenda safari. Walipomrudisha kwenye kile kiti ili waandishi wapige picha zaidi Ham aligoma, wanaume kadhaa wakashindwa kumkalisha. Goodall alipoonyeshwa picha zile alisema hajawahi kuona hofu kubwa kiasi kile kwenye uso wa sokwe.

Kwa sokwe, meno ya juu na ya chini yakionekana yote huku yamebanwa, hiyo ni hofu. Watafiti wanaiita fear grin, na Goodall mwenyewe kwenye maandishi yake ya Gombe ametumia neno grin kwa makusudi, akatofautisha ile ya mdomo uliofungwa meno na ile ya mdomo wazi kulingana na ukali wa woga. Sokwe akicheza, akitekenywa, anafungua mdomo kwa ulegevu na midomo inafunika meno ya juu, ukiona hivyo ndo amefurahi. Mholanzi Jan van Hooff alipendekeza mwaka 1972 kwamba kicheko chetu kina asili kwenye ile sura ya mchezo, na tabasamu letu lina asili kwenye ile sura ya meno ya kimyakimya, ambayo kwa baadhi ya jamii za nyani mdogo anamwonyesha mkubwa wake kumwambia sina ubaya na wewe, usinipige. Sasa wale Waingereza wa kale hawakujua lolote kuhusu sokwe, siyo kwamba neno lilihifadhi siri ya mageuzi ya viumbe. Ila walikuwa wanaishi na mbwa na farasi na watu wenye maumivu, na walikuwa wanaangalia vizuri.

Na maumivu yenyewe yapo hospitali mpaka leo. Mgonjwa wa pepopunda misuli ya uso inakakamaa, nyusi zinapanda, pembe za mdomo zinavutwa nyuma, meno yanabanwa, na vitabu vya udaktari vya Kiingereza vinaiita sardonic grin. Yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hiyo hawezi kukosea akadhani ni furaha.

Kwenye simu nako neno limeingia na utata wake wote. Enzi za mwanzo za intaneti kabla ya emoji watu walikuwa wanaandika herufi g katikati ya alama mbili za mshale kumaanisha grin, yaani natania usikasirike, alafu wakaongeza herufi, bg ni grin kubwa, eg ni grin ya kishetani. Zilipokuja emoji, ile ya macho yanayocheka na meno yote nje iliingia mwaka 2010 kwenye Unicode, orodha rasmi ya herufi na alama zinazotumika kwenye kompyuta na simu, na jina lake kwa Kiingereza lina grin ndani. Tatizo kila kampuni inachora kivyake. Ya Apple walichora meno yamebanwa kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakawaonyesha watu emoji hiyohiyo moja ilivyochorwa na makampuni tofauti, na ile ya Apple ikahukumiwa kuwa ya hisia mbaya wakati za wengine zikahukumiwa kuwa za furaha tupu, kwa hiyo mtu anatuma nimefurahi, mwenzake anapokea nataka ugomvi. Mwaka huohuo Apple wakaichora upya. Ukifikiria, ile kampuni ilichora grin ya Eleusius bila kukusudia.

Kwa mtu anayesoma riwaya za Kiingereza au anayetafsiri, msaada unatoka kwenye maneno yanayolizunguka. Sheepish grin ni ya aibu, mtu kakamatwa na kosa dogo anachekacheka. Evil grin na wolfish grin zimerudi moja kwa moja kwenye meno ya mnyama. Grin from ear to ear ni furaha kamili hakuna shaka. Fuvu la kichwa linasemwa lina-grin kwa sababu halina midomo ya kufunika meno, na Hamlet wa Shakespeare anaposhika fuvu la yule mchekeshaji wa zamani neno lake ni hilohilo. Mwalimu akikwambia wipe that grin off your face hajafurahishwa na furaha yako, anaona dharau. Kwa hiyo mara ukenue, mara utabasamu, mara utoe meno, mara uchekecheke, na kuna sehemu ambazo mimi naona kutabasamu ni kosa la wazi, kama hao vijibwa wa Shakespeare.

Kuna maneno mawili yanayofanana nalo yasikupoteze. Chagrin, ile ya fadhaa na kuumbuka, imetoka Ufaransa na haina undugu wowote na grin, herufi zimegongana tu. Alafu Kiingereza cha zamani kilikuwa na grin nyingine kabisa, nomino, maana yake tanzi au mtego wa kunasia wanyama, ilishakufa. Kwa hiyo ukisoma Biblia yao ya mwaka 1611 kwa tahajia yake ya awali, kwenye Ayubu 18, ukakuta grinne imemshika mtu kisigino, hakuna aliyekenua pale, kanaswa.